Chaki ya Mama

Shoga, acha unachofanya. Nimejifungia chooni nacheka mpaka mbavu zinauma.

Unamjua mama na ukarabati wake wa jiko. Tangu fundi wa kwanza ambomolee kabati zima, huyu mpya wameelewana kwa chaki: penye X panabomolewa, penye duara panabaki.

Sasa leo asubuhi mama kabadili mawazo, anataka jiko pana. Kafuta duara la ukuta wa stoo, kaweka X. Baba hana habari.

Fundi kapiga nyundo, tofali zikaporomoka upande wetu, vumbi likatulia…

BABA!!!

Yuko stoo, kakalia ndoo ya rangi, mzima kabisa, nyusi nyeupe kwa vumbi, kakumbatia kopo la biskuti. Baba huyuhuyu aliyekatazwa sukari na daktari! Anayetuambia kila siku, "Mimi utamu nimeshausahau." Mdomo umejaa!

Unajua neno lake la kwanza? "Huu ukuta si ulikuwa na duara?"

Nikafa. Yaani alichagua maficho kwa kufuata alama za mama!

Fundi naye, uso mkavu: "Mama, na huyu je? Tunabomoa au anabaki?"

Mama akachukua chaki. Akamzunguka baba taratibu, akimkagua juu mpaka chini kama ukuta wenye ufa. Akamnyang'anya kopo, akalipiga X.

Halafu akamchora baba duara kubwa kifuani.

Shoga, tangu saa nne mzee kakataa kubadilisha shati.