Blanketi kwa Jina la Guy

Swima, tarehe 10 mwezi wa kwanza 1999

Kwa mutoto wangu Émilienne,

Salamu kwako na kwa bale bote unalala nabo katika hema. Unaendelea aje? Kile kikohozi cha mwezi jana kiliisha? Mi niko muzima. Magoti tu ndiyo inanisumbua wakati ya mvua, lakini magoti haiue muntu. Barua hii naisema na kinywa, Casimir katekista ndiye anaandika. Ukikuta humo neno la utamu sana, ujue hilo ni lake, si langu.

Alphonse wa mutumbwi aliniletea barua yako pamoja na sabuni. Asante kwa sabuni. Lakini yale maneno ya "vuka mama, vuka mama", nimechoka nayo. Unaniandikia sawa vile mi ni kiziwi. Bunduki naisikia! Wiki iliyopita askari balipita hapa, tukalala siku mbili katika shamba ya muhogo, na jirani yetu Pulchérie alirudia akakuta hata mbuzi moja haiko. Bantu bengi bamevuka ziwa. Kwenye njia yetu nyumba sita tu ndizo zinatoa moshi.

Sasa nisikilize vizuri. Kaka yako Guy alipanda Kilembwe mwezi wa nane na baiskeli yake, chumvi na sabuni juu, akaniambia: mama, wiki mbili tu, narudia na mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Vita ikaanguka nyuma yake. Siku Guy atarudia, atapiga hodi wapi? Hapa. Na mi nikiwa Tanzania, nani atamufungulia? Unajua vile alikuwa mudogo: akinipotea kwenye soko ya Baraka, hakukimbia kunitafuta, alikuwa anasimama pale pale mpaka nimukute. Basi na mi nasimama pale pale.

Usinikasirikie. Kula, hata kama maharagi ni mabaya.

Ni mi mama yako,
Constance


Kambi ya Lugufu, 14 Februari 1999

Mama mupenzi,

Nakusalimia sana, na magoti yako nayasalimia pia. Kikohozi kimeisha, usiwe na wasiwasi. Tunaendelea na kambi yetu, matope kila mahali, lakini tunalala bila kukimbia. Musalimie Casimir, umwambie maneno yake matamu nimeyapenda.

Mama, nikupe habari ya furaha kidogo. Unakumbuka tarehe mbili mwezi huu Guy alitimiza miaka ishirini na ine. Nilikuwa nimefulia bantu nguo tangu Noeli, nikapata feza ya blanketi moja, jekundu, zito, nikasema hili ni la Guy. Lakini nitamutumia kwa njia gani? Kuna sista mumoja Mutanzania anakuja hapa kila Jumapili. Akatufundisha hivi: kama mupenzi wako yuko mbali, zawadi yake umupe aliye karibu na mwenye shida, kwa jina la ule wa mbali. Hivyo huyo wa mbali anakuwa amepewa heshima. Nikaona ni vizuri sana. Jumapili iliyofuata kulikuwa na musichana alizalia njiani, alifika na mutoto amefungwa katika gunia. Nikamupa blanketi. Jina la Guy likasomwa mbele ya bantu bote, wakapiga makofi, na sista akanipa karatasi yenye muhuri wa parokia.

Karatasi hiyo nakutumia, mama. Ni zawadi yako, sababu Guy ni wako. Iweke pazuri. Kumuhusu Guy mwenyewe sina habari mupya, naomba Mungu kila siku.

Na bado nasema: vuka.

Mutoto wako,
Émilienne


Swima, tarehe 9 mwezi wa tatu 1999

Mutoto wangu,

Salamu. Afya yangu usiulize, lakini ninakaa. Ninakula kidogo, Pulchérie ananilazimisha.

Casimir aliisoma barua yako polepole, halafu akaisoma ile karatasi: "Blanketi moja, imetolewa kwa jina na heshima ya Guy, mwana wa Constance wa Swima." Akavua miwani. Nikamwambia, rudilia. Akarudilia. Hapo sisi bawili tukajua.

Émilienne, we ni mutoto mwenye heshima. Nimeona vile ulizunguka. Muntu haandikie mama yake kifo wazi wazi katika barua, hivyo ndivyo nilikulea. Mi mwenyewe wakati ulikuwa kwenye masomo kule Uvira, nilikuandikia kwamba baba yako "amepata usingizi mzuri", na we ukaelewa, ukakuja. Sasa na we umeniletea siku ya kuzaliwa, sista, makofi, ili nisianguke. Lakini nani hapa kwetu jina lake linasomwa kanisani na kitu kinatolewa juu yake, na mwenyewe angali anakula bugali? Hayuko. Ile kiti ya baba yako katika kapela ilitolewa kwa jina lake siku ya kumaliza matanga. Na hata viti vya bale bengine ni hivyo. Basi nimeelewa. Asante kwa kunionea huruma.

Tumekaa matanga siku tatu, tukiwa bantu tisa. Tulilia na sauti ndogo sababu ya askari. Nimenyoa kichwa. Na vile we ulianza, na mi nimefuata: godoro yake nimeipa dispanseri, kwa jina la Guy. Mashati mbili nimebapa bale batoto ba kwa Pulchérie, kwa jina la Guy. Koti yake ya ngozi, ile alijivunia nayo sana, nimemupa Alphonse, sababu ziwani kuko baridi.

Kuko jambo moja nakuambia bila haya. Usiku wa matanga kuisha nililala mpaka asubuhi. Miezi saba sikulala hivyo, kila mbwa akilia nilikuwa nakimbilia mulango. Sasa mulango haina tena kazi. Alphonse anasema baada ya Pasaka atanivusha.

Mama yako,
Constance


Lugufu, 20 Machi 1999

Mama,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, nimeisoma mara tatu, nimelia mpaka bantu ba hema wakaniuliza.

Njoo. Usingoje Pasaka, njoo hata kesho kama Alphonse anavuka. Nimesafisha nafasi yako upande ambao maji hayaingii. Nimekuombea mukeka. Hapa kuna dawa ya magoti, na bamama bengi ba Swima utabakuta.

Sina maneno mengine. Njoo tu, mama.

Émilienne wako


Swima, tarehe 27 mwezi wa tatu 1999

Mutoto wangu Émilienne,

Unaendelea vizuri? Huku kunachemuka. Juzi bunduki ililia upande wa Mboko tangu asubuhi mpaka saa nane. Lakini mi nimekwisha kufunga vitu vyangu, ni furushi moja tu, sikujua maisha yangu ni nyepesi hivi. Nyumba nimebaachia bantu bamoja bamekimbia kutoka milimani, bako na batoto bane. Nimesema ni kwa jina la Guy na hilo pia. Casimir amecheka, amesema nimegeuka tajiri.

Jumanne baada ya Pasaka Alphonse ananipakia.

Kabla sijaingia katika mutumbwi nataka uniambie jambo moja, na usahau kunionea huruma. Nani alimuzika? Alikuwa na nguo? Balimulaza kichwa upande gani? Hiyo habari ulipewa na nani, huyo muntu aliona na macho? Barua yako ya mwisho haikugusa hata neno moja, na mi nimeacha siku zipite, lakini siwezi kuacha inchi yenye iko na mwili wa mutoto wangu bila kujua ni wapi. Niandikie. Sitalia. Nimelia ile yote ilikuwa.

Mama yako,
Constance


Lugufu, Ijumaa Kuu, 2 Aprili 1999

Mama,

Salamu. Sijui nianze wapi. Nilikaa na maulizo yako siku tatu. Jana niliandika uongo: nikasema Guy alizikwa karibu na Kilembwe, na muchungaji, katika shuka nyeupe. Niliandika vizuri sana, mama, ungeamini. Halafu nikaona nimeweka muchanga juu ya kaka yangu na mukono wangu mwenyewe. Nikaichana hiyo barua.

Hakuna muntu aliyemuzika Guy. Hakuna aliyeniambia kitu. Sikuzunguka, mama. Yote niliandika ni vile ilikuwa: siku yake ya kuzaliwa, sista, musichana na mutoto katika gunia. Ilikuwa zawadi tu, ya muntu muzima. Hapa kambini tumechanganyika na bantu ba kila mahali, desturi zao zikaniingia, nikasahau namna jina linasikika kwetu. Hiyo ni kosa langu la kwanza.

La pili ni baya zaidi. Ulipoandika kwamba umenyoa, nilijua siku hiyo hiyo kwamba umekosea. Nikashika kalamu nikuambie. Halafu nikasoma tena pale unasema utavuka. Miezi sita nilikuomba ukakataa, na sasa unakuja. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, afike kwanza, nitamuambia akiwa hapa, anipige kama anataka.

Kama Guy ni muzima au hapana, mimi sijui. Sijui, mama. Lakini vuka hata hivyo. Nakuomba na magoti chini. Jumanne Alphonse anakungoja. Guy akirudia, ataulizia, watu watamuambia. Vuka.

Mutoto wako, kama bado unanihesabu hivyo,
Émilienne


Swima, tarehe 11 mwezi wa ine 1999

Émilienne,

Barua yako Alphonse aliniletea pale kwenye maji, furushi yangu imekwisha kuwekwa ndani. Casimir akanisomea mbele ya bantu bote, mi ndiye nilimulazimisha. Nikaitoa furushi.

Unaniuliza kama nakuhesabu bado. Nakuhesabu. Lakini ulinikalisha matanga ya muntu muzima, ukasoma kwamba nimenyoa, ukanyamaza! Ungekuwa karibu ningekupiga na mwiko mpaka mwiko ivunjike. Na ningekupiga nikicheka, mutoto wangu, sababu tangu siku hiyo nacheka peke yangu njiani, bantu banasema Constance akili imeruka. Guy haiko na kaburi! We unajua hiyo ni nini kwa mama?

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kurudisha vitu vyake. Haya ilinikamata, lakini nilipita. Mashati, batoto ba Pulchérie balivua na kulia, nikabaachia moja. Dispanseri kuna mwanamuke alizaa juu ya godoro, nikashindwa kuiomba. Alphonse alirudisha koti bila neno. Ile sijaikunja, nimeivaa.

Sasa usilie. Mi sivuke. Na sisimame tena pale pale. Nilikwisha kumutupa muzima pamoja na bale bamekufa, nikagawa vitu vyake, nikalala usingizi. Siwezi kukaa mulangoni tena nikimungoja sawa vile sikufanya kitu. Naenda kumutafuta. Kesho asubuhi napanda Fizi, halafu Kilembwe, na miguu, polepole. Casimir hapendi, ameweka kalamu chini mara mbili, amesema njia imefungwa. Nimemwambia andika.

Usinitumie tena barua Swima. Nikimupata, Guy ndiye atakuandikia, yeye anajua kuandika.

Mama yako anayekupenda na aliyekukasirikia,
Constance


Lugufu, 30 Mei 1999

Mama,

Nakusalimia popote uko. Nimeandika barua tatu kabla ya hii. Casimir amenijibu kwamba ulionekana Fizi siku ya soko, ukiwa na koti ya mwanaume, ukiuliza bantu. Baada ya hapo hakuna aliyekuona. Anasema kuna mapigano kwenye barabara ya kupanda.

Nijibu hata neno moja.

Émilienne


Lugufu, 22 Agosti 1999

Mama,

Salamu, salamu, salamu. Barua hii naiandika sijui nani ataibeba. Alphonse amesema hakuna muntu anapanda Kilembwe tena, lakini ataipeleka Baraka, aiache kwa bamama ba soko, labda.

Guy amefika.

Amefika hapa juzi, na miguu yake, amekonda lakini ni yeye. Walikimbia Kilembwe mwezi wa kumi na mbili, akashuka kusini, akakaa kule katika pori miezi mingi, akatokea Kazimia, akapata mutumbwi. Alisikia kwamba bantu ba Swima bako Lugufu. Alikuwa na hakika atakukuta wewe hapa. Alisimama mbele ya hema yangu, akatazama nyuma yangu, akasema: "Mama yuko wapi?" Hata hakunisalimia.

Nimemwambia ulikataa kuvuka. Nimemwambia ulichoka kungoja, ukapanda kumutafuta. Amekaa chini. Amesema, "Lakini mama hakuwa muntu wa kutoka pale. Nini kilimutoa?"

Nikamwambia sijui.

Anauliza tena kila asubuhi, mama. Anataka kurudia kukutafuta, namushika nguo asiende. Sina nguvu ya kumuambia habari ya matanga. Rudi, umuambie wewe.

Mutoto wako,
Émilienne