Birika Kifungoni, Mtani Shimoni

Jumatano. Mvua tangu alfajiri. Tope la Kwala limenivua kiatu kimoja njiani, nimefika kazini natembea kama bata.

Itangazwe kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika wenye nafasi ya kusikiliza: birika la chai la kiwanda chetu cha katani leo limetimiza mwezi mmoja kifungoni. Limefungiwa stoo, bila mdhamini, kwa kosa la kupoteza muda wa kazi. Limeacha vikombe saba na mzee mmoja mwenye tumbo, yaani mimi.

Ndiyo, nafanya mzaha. Nikiuacha leo, sijui nitashika nini.

Miaka kumi na minne nimeshika mpini wa korona, ule mtambo unaokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Nilikuja hapa kutoka Kisarawe nikiwa na kiuno. Sasa nina mkanda tu. Chini ya korona kuna shimo la makapi, na wa shimoni ni Mashaka. Mashaka ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu hata kabla sijamjua jina. Makapi yakijaa, nasimamisha mtambo. Yeye anatundika kofia yake msumarini na kushuka na koleo. Kabla ya kuwasha tena, nilikuwa nainama kwenye tundu na kupiga kelele:

"Mnyamwezi! Umeshakufa nirithi kofia?"

"Tangulia wewe, Mzaramo mvivu! Nina hamu na ubwabwa wa hitima yako!"

Jibu likitoka shimoni, nilisubiri. Likitoka juu, kando yangu, nilivuta mpini. Jambo hilo halikuandikwa popote. Miaka yote hiyo hakukatika hata ukucha.

Kisha akaja meneja mpya. Hana ubaya wa sura. Aliposikia tunavyoitana akasema hiki ni kiwanda, si kilabu cha pombe. Akaleta kengele, akampa nyapara aipige kabla ya mtambo kuwashwa, badala ya kelele zetu. Akaamuru pia kwamba kila Jumamosi kila mtu apeleke kwa nyapara jina la mvivu mmoja.

Hapo ndipo tulipooza, kama samaki wa juzi.

Watu waliokuwa wakila sinia moja sasa wanakula wamepeana migongo. Fundi anaficha spana chini ya kofia. Juzi mmoja wa kwenye brashi, mtambo wa kusugulia nyuzi, alimwagia mwenzake maji ya makapi shingoni, yale yanayowasha kama upupu, na hakuna aliyemshika mkono. Tulitazama. Wengine walifurahi. Ukinuna unaitwa mchochezi, ukicheka unaulizwa unamcheka nani.

Jina langu likatoka. Nimekutwa na chai mtamboni. Nikasimamishwa mbele ya watu wote chini ya picha ya Mfalme, birika mkononi, kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Nikaamua aliyenichongea ni Mashaka. Ushahidi wangu? Alicheka. Sasa mtani asipocheka hapo, acheke lini?

Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haiombi ushahidi. Siku tatu alinitupia maneno, nikageuza uso. Siku ya nne akaacha. Mwezi mzima tumekaa kama kuta mbili.

Leo saa nne korona imekata mkono wa kushoto wa Mashaka. Vidole viwili.

Meneja aliniita ofisini. Karani akaandika niliyoyasema: kengele ililia, nikamwita mara mbili, hakuitika, nikadhani ametoka. Meneja akauliza, "Una hakika ulimwita?" Nikajibu, "Nina hakika, bwana." Basi uzembe ni wa Mashaka. Kesho saa mbili anaachishwa kazi, na chumba cha kambini arudishe. Ana mke na watoto wanne, na kwao ni mbali kupita mwisho wa mawazo yangu.

Jioni nilikwenda zahanati. Nilitaka kukuta amelala. Alikuwa macho, mkono umefungwa kama kifurushi. Mkewe ameketi sakafuni, akaniamkia.

Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, akaniambia, "Meneja alituma karani kumuuliza huyu kama uliita kweli."

"Akajibuje?"

Mashaka mwenyewe ndiye aliyenijibu, macho yake darini. "Nimesema sikusikia. Lakini lazima aliniita. Mzaramo hajui kunyamaza hata akiwa amenuna."

Akacheka kidogo, akakunja uso kwa maumivu. Nikaaga. Kiatu kilichobaki nacho nimekiacha mlangoni pale, sikukumbuka hata kukivaa.

Sasa niandike yalivyokuwa.

Kengele ililia. Kule shimoni haisikiki. Sote tunajua, maana maji yanapita mle kwa kishindo. Inayofika ni sauti ya mtu aliyeinama kwenye tundu. Nilisogea mpaka kwenye tundu. Kofia yake ilikuwa bado msumarini, niliiona. Nikafungua mdomo. Kisha nikawaza: nikimwita, nitakuwa mimi niliyeanza. Atasema Mzaramo ameshindwa.

Nikafunga mdomo. Nikajiambia atakuwa ametoka, ameisahau kofia tu. Nikavuta mpini.

Nilichosikia kwanza hakikuwa kilio. Kilikuwa jina langu la utani, lile la zamani, baada ya mwezi mzima: "Mzaramo mvivu! Zima!"

Nilizima. Nilichelewa.

Sikumwita Mashaka. Hata mara moja. Kesho nitafika kabla ya saa mbili, peku kama nilivyo, nimwambie meneja hivyo hivyo, karani akiandika. Na kama mguu wangu utasita mlangoni, nimeshaandika hapa, siwezi tena kusema nilisahau.