Yai Lililobaki

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama mlangoni unachana bahasha kwa meno kama ulivyozoea. Natumaini miguu haivimbi tena kwa kusimama kazini kutwa, na kwamba yule mama mwenye nyumba amepunguza maneno. Sisi huku miili haijambo. Baba anakwenda karakana kama kawaida, na mimi tangu nimalize shule nashinda nyumbani nikimwangalia mama. Nina habari za mama na mtoto, nami nitakueleza polepole. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujashika simu. Ukipiga nitasema mama amelala, kama nilivyosema juzi. Unajua simu hunifunga ulimi.

Unakumbuka ulipoondoka, mkunga alikuwa ameshamkataza mama kunyanyua hata ndoo; alitakiwa alale mpaka ajifungue. Basi kila mtu akajitafutia kazi ya mkono. Wewe huko ukaanza kufuma shali ya mtoto. Baba akachomelea kitanda kidogo kwa mabomba yaliyobaki kwenye mageti ya watu, na kila akirudi jioni anakipaka rangi nyeupe uani. Mama, kwa kuwa hana ruhusa ya kushika kitu, akawa msimamizi wetu sote. Alikuwa akimwambia baba kupitia dirishani kwamba anapaka rangi kama mtu anayefukuza nzi.

Kazi yangu mimi ilikuja yenyewe. Kuku wa jirani yetu, fundi cherehani, aligongwa na pikipiki alipotoka kwenye kiota kwenda kunywa maji. Mayai yake yalibaki, bado yana joto, na fundi alitaka kuyatupa. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwomba. Aliniuliza mbele ya wateja kama nitayaatamia mwenyewe, akaongeza kwamba msichana mpole kama mimi angeanza kwanza na mchumba, mayai yangefuata. Walicheka mpaka nikasahau kushukuru. Nilipofika nyumbani nilitengeneza kitotoleshi kwa sanduku la katoni, balbu, bakuli la maji na kipimajoto, nikakiweka kando ya kitanda cha mama kwa sababu soketi nzima iliyobaki iko pale.

Yai halitakiwi kulalia ubavu mmoja. Lazima ligeuzwe asubuhi, mchana na jioni, na mama aliichukua kazi hiyo kwa kuwa mkono wake ulifika bila kuinuka. Kisha mimi na yeye tulikuwa tunajifunika blanketi gubigubi ili tupate giza, tunamulika mayai kwa tochi ya simu. Yai lililo hai lina mishipa myembamba myekundu na kitu cheusi kinachorukaruka. Yai viza lina kivuli tu, hakitikisiki. Viza lazima litolewe, maana likioza hupasuka na kuharibu mengine. Lakini kila nilipotaka kutoa moja, mama alinisihi tungoje hadi kesho, akisema huenda ni mvivu tu wa kuamka, kama mimi siku za shule. Siku moja alitaka nimulike na tumbo lake, tuone kama ni wa kike au wa kiume. Tuliona wekundu wa ngozi basi. Tulicheka mpaka baba akachungulia kuuliza kama humo ndani tunafuga nyani.

Halafu asubuhi moja mayai yakaanza kulia. Kumbe kifaranga hulia akiwa bado ndani ya ganda, dada, sikuwa najua. Mama alitega sikio kwenye sanduku, akaniambia kwamba wa kwake ametulia tangu jana, labda naye anawasikiliza wenzake. Tukacheka sote wawili. Mimi nikaenda kuongeza maji kwenye bakuli. Mama ananiambia mtoto ametulia, na mimi nikaenda kuongeza maji.

Mchana mkunga alipita kumwona. Alimwekea chombo chake tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena. Kisha alimpigia baba simu karakana atafute gari la kumpeleka mama hospitali. Nilibaki peke yangu, na vifaranga wakatoka mmoja baada ya mwingine, wamelowa, wabaya wa sura, nikawa nawatazama wakikauka huku nasikiliza mlango. Kesho yake baba alirudi na ule mfuko wa nguo za mtoto waliokwenda nao, haujafunguliwa. Aliuweka juu ya kabati, akakaa, akaniambia alikuwa wa kike, ana nywele nyingi kama zako ulipozaliwa.

Mtoto wetu hayupo, dada. Alifia tumboni. Baba aliahidi kukwambia mwenyewe, lakini kila mkizungumza namsikia anaishia kukusimulia mvua. Kile kitanda bado kiko uani. Miguu miwili ina rangi, miwili haina.

Mama aliporudi hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Lilikuwa limebaki yai moja ambalo sikuwahi kulitoa. Alilala, akanyoosha mkono, akaligeuza. Tangu siku hiyo analigeuza asubuhi, mchana na jioni, na hataki balbu izimwe. Chakula alikuwa hagusi. Wiki iliyopita alijifunika blanketi akaniita, nikaingia na tochi. Nikamulika. Hapakuwa na mshipa wala kitu kinachorukaruka, ni kivuli kilicholala upande mmoja. Mama hakulitazama yai, alinitazama mimi. Akaniuliza kama yupo.

Nilimwambia yupo, anacheza.

Jioni ile alikula. Akaomba na maji ya kuoga. Baba alinishika bega uani, akasema hajui nimemwambia nini mama yangu lakini Mungu anibariki. Sasa yai limeanza kunuka. Fundi cherehani alipokuja kumjulia hali alikunja pua, akalitazama sanduku, akamtazama mama, akanyamaza, na yule unamjua, hajawahi kunyamaza. Nikilitoa, ni kama namzikia mama mtoto wake tena. Nikiliacha, litampasukia mkononi. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kimya, na siku niliyofungua mdomo nimesema uongo. Peke yangu siwezi, dada. Omba ruhusa kazini uje.

Vifaranga nimewahamishia jikoni, wanakua. Baba anakusalimu sana. Nimemwambia mama kwamba nakuandikia, nikamuuliza nikupe salamu gani. Amesema usiisahau ile shali, atafunikia sanduku, maana siku hizi kuna baridi.

Njoo nayo, au njoo bila yake.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya