Hakuna Aliyekukatiza

Aba,

Salaam aleikum huko uliko. Ni mimi Talaso, binti yako wa saiba, lile duka la kompyuta. Nimefunga duka mapema, nimekaa kwenye kile kiti ulichokalia siku ya kesi, na nina jambo nililokuficha mpaka ukaingia kaburini. Kesi yetu ya ploti ilifutwa siku ile ile uliposimama ukasema.

Subiri, Aba. Nisikilize kwanza.

Wewe ulitaka kwenda kortini kwa miguu, na kofia yako na barua ya ploti ndani ya karatasi ya nailoni. Mimi nikakucheka. Nilikuambia hayo mambo ya kupanga foleni yamepitwa na wakati, siku hizi hakimu unampata kwa skrini. Si watu wa kampeni ya korti mtandaoni walikuwa wamekuja hapa mtaani Wabera na spika na fulana nyeupe, wakitangaza haki iko kiganjani? Ulipewa moja, ukaivaa mpaka msikitini. Sasa naifutia vumbi la kompyuta. Ndiyo kazi yake inayofaa.

Asubuhi ya kesi, hapa dukani, karani wa korti alituamuru wote kwa skrini tuzime maikrofoni hadi tuitwe. Nikazima yako. Nikakuvisha hedifoni juu ya kofia, nikakwambia, "Aba, ukisikia jina lako niite, nitakufungulia." Halafu Mama Halima akaja kutoa kopi ya kitambulisho, karatasi zikawa zimeisha, nikakimbia duka la tatu kukopa. Ningerudi mbio. Lakini nilikutana na mtu, tukasalimiana, tukacheka. Wallahi hata sikumbuki tulicheka nini.

Mama Halima ndiye aliyeniambia yaliyotokea. Jina lako liliitwa. Hukuniita. Ulisimama, ukavua hedifoni, ukaiweka mezani polepole, kwa sababu mtu hasemi mbele ya wazee akiwa ameziba masikio. Hivyo ndivyo mlivyofanya kwenye vikao vya wazee kule Korbesa maisha yako yote. Ukaanza kwa dua, na watu waliokuwa kwenye foleni dukani wakakuitikia. Kisha ukasema yote: jinsi ukame ulivyomaliza ng'ombe, mkahamia Isiolo, mkapewa ploti, mkajenga, na jinsi jirani alivyokuja juzi na barua nyingine inayosema nusu ni yake. Ukasema ukiwa umesimama, hakimu akiona mshipi wako tu, kama aliona kitu. Na sauti yako haikutoka nje ya duka langu.

Niliporudi ulikuwa umeketi, uso umekunjuka. Ukaniambia, "Talaso, wale watu wana adabu. Nimesema mpaka mwisho na hakuna hata mmoja aliyenikatiza. Mkubwa wao aliinama akaandika."

Aliandika kwamba hupo, Aba.

Mstari mwekundu wa kuzima sauti ulikuwa bado juu ya alama ya maikrofoni kwenye skrini. Niliuona. Jioni meseji ikaingia kwa simu yangu, maana namba niliyojaza ilikuwa yangu: mlalamikaji hakuhudhuria, kesi imefutwa. Wewe wakati huo ulikuwa nje ya msikiti ukiwaambia wenzako serikali imekusikiliza. Ningekuambiaje? Nilijiambia nitarekebisha kimyakimya, ujue ikiwa imeshapona. Ujanja mwingi mbele giza. Wiki tatu tu, presha ikakuchukua. Na hata pale hospitalini uliniuliza, "Hukumu imetoka?" Nikasema bado. Kwa uongo huo ndivyo nilivyoagana na baba yangu.

Sijui nimchukie nani. Huyo hakimu, hakuweza kuuliza yule mzee aliyesimama ni nani? Karani je? Na hawa wa fulana, kuna aliyeuliza mzee wa Korbesa huongea vipi mbele ya watu? Halafu nageuka, naona kioo cha duka langu nimeandika mwenyewe kwa rangi: Tunasaidia kesi mtandaoni. Nimekikwangua kwa kisu, rangi haitoki yote.

Ukuta wa jirani umefika mlango wa jikoni. Mama anapita kwa ubavu akibeba sufuria. Hajui kwamba kesi ilifutwa. Nitamwambia Ijumaa, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Nilikwenda kortini kuomba kesi ifufuliwe. Karani akaniambia nirudi nijaze mtandaoni. Nikamwambia, "Mtandao wenyewe ndio mimi, na nimekataa." Tulizozana hadi watu wakakusanyika. Mwishowe akachukua makaratasi, pamoja na barua ya chifu inayosema umefariki na mimi ni mtoto wako. Nimepewa siku ya kusikilizwa.

Mama Halima amekuja hapa mara tatu kunisimulia ulivyosema, na nimeandika kila neno, hata dua. Sikuwepo kukusikia, Aba. Nimekusikia kwa mdomo wa mteja.

Mungu akupe nafasi kubwa huko, kubwa kuliko hii tunayogombania. Nisamehe ukiweza. Siku hiyo nitakwenda kwa miguu na barua yako ndani ya nailoni yake, nisimame mbele ya hakimu mwenyewe, niseme maneno yako yote tangu dua. Na wakinikatiza, Aba, nitamshukuru Mungu. Nitajua wanasikia.

Talaso wako