Miguu Uliyoiosha Bila Nyimbo

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini ulitulea hivyo: mtoto haanzi habari yoyote kabla ya salamu, na kufa kwako hakujabadilisha sheria za nyumba yako.

Jana tulioshana miguu kanisani. Nimerudi na neno limenikaa kooni, nimezunguka nalo jikoni tangu jana jioni, na kila ninayetaka kumwambia naona siye. Ni wewe.

Unazikumbuka Jumamosi zile? Kesho yake ni Meza ya Bwana, leo tunaoshana miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Akina baba upande wao, akina mama upande wetu, mabeseni yamepangwa mbele ya mabenchi, na kila mtu anamwosha aliyeketi jirani yake. Ila wewe, Mama, usingekubali hata kidogo mtoto wako aende kuoshwa akiwa mchafu. Tangu asubuhi umetukalisha uani na jiwe la kusugulia, unatusugua visigino mpaka machozi, kisha mafuta ya mgando, kisha viatu vya mitumba vilivyopigwa rangi. Nilikuuliza siku moja mbona tunaosha miguu ili tukaoshwe miguu. Ukasema kwani nataka mke wa mchungaji akute tope la Mto Mirongo katikati ya vidole vyangu? Na si sisi peke yetu. Kanisa zima lilikuja limesuguliwa, na maji yalitoka kwenye mabeseni yakiwa safi kama yalivyoingia.

Halafu kulikuwa na ule ujanja wa mabenchi. Mnafika mapema, mnaangalia nani ameketi wapi, maana hakuna aliyetaka kujikuta ameinamia miguu ya mtu waliyerushiana maneno bombani. Nyie akina mama mlikuwa hodari! Wewe mwenyekiti wao ndiye uliyekuwa hodari kuliko wote, na rafiki yako Mama Sabina mliketi pamoja kila mara, mnaoshana huku mkichekeana.

Mama Sabina. Leo ninaliandika jina hilo bila kubinya kalamu.

Baba alikuwa amepunguzwa kazini, kama akina baba wengi wa mtaani kwetu miaka ile. Walisema soko sasa ni huria, kila mtu ajitafutie, na Baba akawa anakaa mlangoni na redio yake akisikiliza habari za uhuru huo. Viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa. Minofu ya sangara ilikwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yale mafupa yenye kichwa na mkia. Wewe na Mama Sabina mkanunua karai moja kubwa. Mmoja anapanga foleni getini kiwandani, mwingine anawasha moto, kisha mnakaanga pamoja na kuuza sokoni Mirongo. Nguo zetu za shule zilinuka samaki, lakini zilikuwepo. Ninaikumbuka sauti yenu mkiimba mapambio juu ya mafuta yanayochemka, yeye sauti ya kwanza, wewe ya pili, na mpaka leo nikisikia kitu kinakaangwa naanza kuimba ya pili.

Kisha ukaugua malaria ile iliyokulaza mpaka tukaogopa. Uliponyanyuka, ukaenda getini na beseni lako, na mlinzi akakwambia mzigo wako umeshapewa mwenzako. Si wa siku ile tu. Mama Sabina alikuwa amekubaliana na msimamizi kwamba fungu lote liwe lake, na karai alikuwa amelihamishia kwake. Ulirudi na beseni tupu kichwani, ukaliweka chini taratibu, ukaingia ndani. Hukulia. Mimi ndiye niliyelia, na tangu siku ile nikimwona yule mama njiani ninavuka barabara.

Akina mama wa kanisa wakajua, na wakaona watengeneze, wawapatanishe. Jumamosi ya kuoshana miguu ilipofika, mabenchi yote yalikuwa yamejaa isipokuwa nafasi moja kando yake. Walikutega, Mama. Nawe ukaketi, ukafunga kitambaa kiunoni, ukapiga magoti, ukamwosha. Ulimwosha vizuri mno! Ukamfuta kidole kimoja kimoja, mkakumbatiana, kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mchungaji alisema shetani ameaibika. Mimi nilikuwa najivunia mama yangu, nikasema moyoni, huyu ndiye Mkristo.

Kesho yake tumeketi kifamilia, na sahani ya mkate ilipofika kwako, ukaipitisha.

Mwenyekiti wa akina mama, amevaa kitenge cha umoja, anapitisha mkate na kikombe, anaangalia sakafu! Baba alikukanyaga mguu kwa chini, hukugeuka. Nyumbani akakuuliza kama umerukwa na akili, watu watafikiri umefumaniwa. Ulikuwa unachambua mchele, ukajibu bila kuinua kichwa, "Jana nilidanganya kwa maji. Leo nisidanganye kwa mkate."

Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuyashika maneno hayo, si mkubwa wa kutosha kuyaelewa. Niliona aibu tu. Ukauacha uenyekiti kabla hawajakuuliza. Wenzako waliokuwa wakigombea nafasi benchini kando yako wakaanza kukupisha kama mwenye ukurutu, na mtaani wakasema umeonekana kwa mganga. Ungeweza kumega kipande kile, ukatafuna, yakaisha. Nani angejua? Baba aliyasema hayo kila mara Meza ilipofika, na kila mara uliketi ukapitisha, mwaka ukageuka, mpaka tukazoea.

Halafu Jumapili moja ukala. Ghafla tu, hakuna tangazo, hakuna aliyepiga kigelegele. Nilikuuliza njiani kumetokea nini, ukasema nitazame mbele nisije nikajikwaa. Mama Sabina alikuwa ameketi upande wa pili kabisa wa kanisa. Kwa hiyo nikafikiri umechoka tu. Nikafikiri wamekushinda, umeamua kula kama wanavyokula wengine, na kinyongo chako umekifungia ndani. Nikaona basi mimi nikutunzie. Nimemtunzia yule mama ubaya wake miaka yote hii, Mama, hata kwenye mazishi yako alipokuja kunishika mkono nilimpa ncha za vidole.

Jana nilichelewa. Nafasi ilikuwa moja, na aliyekuwa kando yake ni yeye. Amezeeka, amebaki kama kifaranga cha mvua. Nikafunga kitambaa, nikapiga magoti, nikamvua kandambili, na miguu yake, Mama, ilikuwa na vumbi. Vumbi la kweli, mpaka kwenye nyufa za visigino. Maji yakabadilika rangi mara moja, na nikawaona wa benchi la mbele wanageuza macho. Nikafikiri ni uzee, hana wa kumwosha. Akaona ninavyofikiri.

Akainama akaniambia sikioni kwamba hivyo ndivyo anavyokuja tangu ulipokwenda kwake. Nikamuuliza ulikwenda lini. Akashangaa kwamba hukutuambia. Alinisimulia pale pale, miguu imo ndani ya beseni, jinsi ulivyomkuta uani kwake jioni moja, kabla ya Jumapili ile uliyokula, ametoka kiwandani, magamba na utumbo wa samaki vimemganda mpaka kwenye magoti. Mumewe alikuwa amevuka kivuko cha Busisi kwenda machimboni na hakuleta habari tena, na yeye hakuwa amemwambia mtu. Hukuuliza karai liko wapi. Ulichota maji kwenye pipa lake, ukasogeza kigoda, ukamwambia, "Siku ile niliosha miguu ya waliokuwa wanatutazama. Leo lete yako."

Anasema alikataa, akaona aibu kwa ile harufu. Wewe ukaivuta miguu yake tu. Mlilia, mkatukanana kidogo, mkalia tena, na giza lilipoanza kuingia akakupa karai, nawe ukalikataa.

Nilipiga magoti pale nikiwa nimeshika kisigino cha mtu niliyemchukia kwa niaba yako, kumbe mwenyewe ulishamaliza zamani. Nakuuliza, Mama, kwa heshima zote: ungepungukiwa nini kuniambia? Nilikasirika, nakwambia kweli. Kisha nikakumbuka ulivyosema nitazame mbele, nikaona kwamba hata mimi ningekuwa kanisa jingine la kukupigia vigelegele, na wewe ulikuwa umechoka navyo.

Ilipofika zamu yake kuniosha, aliinama kwa taabu. Miguu yangu ilikuwa imesuguliwa kwa jiwe tangu asubuhi, inanukia mafuta. Akaishika, akaigeuza, akacheka kidogo, akasema, "Hii imeshaoshwa, mwanangu. Nikuoshe nini?"

Leo sahani ya mkate ilipofika kwangu, nimeipitisha. Mume wangu amenikanyaga mguu kwa chini. Sasa ninavaa kandambili, nakwenda kwa Mama Sabina kwa miguu, na barabara ina vumbi.

Lala salama, Mama. Ukisikia sauti ya kwanza na ya pili huko kwake jioni hii, ujue ya pili ni mimi.

Binti yako wa kwanza