Daftari la Dawa Lenye Jina Langu

Jumanne, 6 Mei 2025
Kahambu, mjukuu wangu, amerudi na fomu. Karatasi sita! Serikali inaweka nafasi chache za chuo kikuu kwa wanafunzi walemavu, inawalipia yote. Alinisomea tukichambua maharage. Kuna visanduku: asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, zeruzeru. Akashuka mpaka chini kabisa. Akasema, "Nyanya, kifafa haiko." Pamebaki "mengineyo" na mstari mfupi wa kuandika.

Akaandika hapo.

Kwa alama zake tu hapati nafasi. Alianguka katikati ya mtihani wa hesabu, akaamka karatasi zimeshakusanywa. Shule iliandika malaria. Ni mimi niliyewaambia malaria.

Sasa wanataka daftari la kliniki, la miaka mitatu nyuma. "Nyanya, daftari yangu iko wapi?" Nikasema maharage yanaungua. Maharage yalikuwa bado kwenye ungo!

Jumatano, 7 Mei
Nimemwonyesha. Madaftari manne, nilikuwa nimeyafunga ndani ya kitenge cha zamani. Juu ya kila moja: FERESITA. Mwandiko wangu. Mimi darasani sikukaa hata siku moja — Kahambu ndiye alinifundisha herufi, kwa unga wa muhogo kwenye ungo, akiwa na miaka minane. Neno la kwanza nililojua kuandika lilikuwa jina langu. Nikaliandika hapo.

Mwaka huohuo aliangukia mafiga. Kovu la mkono lipo hadi leo. Na mwaka huohuo mtoto wa mzee Kule alianguka mbele ya shule nzima, wakamrudisha nyumbani na godoro lake, eti ataambukiza wenzake. Nikasema wangu, hapana! Nikamwambia Emérance, nesi wa wakati ule: andika mgonjwa ni mimi. Aliniangalia sana. Dawa akapima kwa kilo za mtoto, jina akaliacha langu.

Tangu hapo Bwera nzima inajua Feresita ana kifafa. Jirani yangu Blandine akanitengea kikombe, cha bluu, hakuna mwingine anayekigusa. Nimekinywea miaka kumi na moja. Chai ni chai.

Kahambu alijua vidonge naenda kumchukulia. Habari ya jina hakujua. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua.

Ijumaa, 9 Mei
Kliniki. Emérance alisharudi kwao Butembo, ng'ambo ya mpaka, njia imejaa vita, simu haishiki. Sasa anayetibu na kutoa dawa ni musawo Umaru. Nikamweleza yote. Akashika kichwa. "Mama! Miaka tatu naandika, huyu mama anaendelea vizuri!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Jina kwenye daftari la dawa hawezi kubadilisha, atafukuzwa kazi. Na Kahambu hajampima hata mara moja. Ameniambia nitafute jirani aliyewahi kumwona akianguka, atoe ushahidi na kuweka kidole kwenye karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Nani aliyemwona? Shuleni wanajua malaria, na nyumbani nilikuwa nafunga mlango kila mara.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya misa nikaenda kwa Blandine. Kahambu nyuma yangu. Nikasema mbele ya watoto wake wote: mgonjwa si mimi, ni huyu.

Blandine akaweka mikono kiunoni. "Weye mujanja, mama! Mi naosha hii kikombe na majivu miaka yote bule?" Tukacheka mpaka machozi. Akasema basi, aliwahi kusikia kishindo nyumbani kwangu, akasikia na kukoroma, hiyo ataisema. Tukamwita mwenyekiti na karatasi yake, Blandine akaweka kidole. Moyo wa Blandine ni mzuri, sikatai.

Halafu akamimina chai. Mimi akanipa bilauri kama wengine. Kahambu akampa kile cha bluu.

Mtoto akanywa. Akasema asante.

Miaka kumi na moja, na nimeiharibu mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Jumatano, 14 Mei
Kasese. Watu wa chuo wamekaa kwenye ukumbi wa shule, meza tatu. Mbele yetu kijana kutoka Mahango, asiye na mguu mmoja. Dakika mbili, amepita. Nilimfurahia, kweli. Lakini niliuangalia ule mguu kwa wivu. Mungu anisamehe.

Mama mmoja wa miwani akayafungua madaftari. Karani wake akachungulia, akasema kwa karatasi hizi anayefaa kwenda chuo ni bibi mzee! Wakacheka. Mimi pia nikacheka, ningefanya nini?

Mama wa miwani akasema Kiingereza kirefu. Kahambu akanitafsiria — hukumu yake mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei ya chumvi. Dawa ikishika, si ulemavu, ni ugonjwa unaotibika. Nikauliza: na isiposhika? Isiposhika, chuo hakiwezi kumlaza bwenini, ni hatari.

Nikamuuliza yule mama kwa Kiswahili: basi mlango wa huyu mtoto ni upi? Alinielewa. Akavua miwani. "Mama, hizi sheria si mimi niliandika." Karatasi ya Blandine haitoshi, kishindo si cheti. Ametupa siku moja zaidi: Alhamisi ya tarehe 22, daktari wao atamwona Kahambu. Akiona, ataandika.

Akiona nini? Kovu?

Jumatatu, 19 Mei
Asubuhi ya safari ile ya Kasese nilihesabu vidonge kwenye mkebe. Ishirini na nne.

Leo ishirini na nne.

Jumanne, 20 Mei
Nimemgombeza kwa kuacha dawa, mpaka sauti imekauka. Nikasema, ukiangukia kichwa je? Ukianguka usirudi? Amekaa anamenya ndizi, mpole. "Bo banataka kuona, nyanya. Nitabaonyesha."

Nikamwambia chuo kife! Nitakulisha mpaka nife! Akasema anajua. Akaendelea kumenya.

Siwezi kumfungulia mdomo kwa nguvu. Ana miaka kumi na tisa. Amenipita urefu.

Alhamisi, 22 Mei
Kasese, benchi nje ya chumba cha daktari.

Asubuhi alikubali! Nilimpa kidonge na uji, nikaangalia koo mpaka likashuka. Nikaimba njia nzima.

Hapa kwenye benchi akafungua kiganja. Kidonge. Uji ndio ulioshuka. Akanirudishia, akafunga vidole vyangu juu yake.

"Nyanya, ulinificha miaka kumi na moja. Wacha banione mara moja tu."

Wakaita jina lake. La kwake, si langu. Akaingia, mlango ukafungwa.

Nikibisha nikasema kila kitu, namnyang'anya chuo. Nisipobisha — Mama Maria! Mimi niliyezoea kufunga mlango, leo nimefungiwa nje. Kidonge kimeanza kulainika mkononi.

Ndani kiti kimeburuzwa sakafuni. Daktari anauliza kitu kwa Kiingereza. Anauliza tena.

Kahambu hajibu.