Mkoba wa Kilo Kumi na Nane: Kikao cha Watembezi wa Kimulot

Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya kabla ya safari ya miguu ya siku kadhaa ni kuchagua mkoba kwanza na kufikiria mzigo baadaye. Mkoba wenye nafasi hujazwa. Mwenyewe asipoujaza, wengine watamsaidia. Wanachama ambao hawakufika wanaombwa kuisoma sentensi hiyo mara mbili, kwa kuwa kikao chote kilizunguka hapo.

KIKUNDI CHA WATEMBEZI WA KIMULOT
KUMBUKUMBU ZA KIKAO MAALUMU

Tarehe: Jumapili, 16 Novemba 2025, saa nane mchana
Mahali: Kibanda cha kununulia majani chai, Kimulot

Waliohudhuria:
Bw. Zacheus Nyagaka – Mwenyekiti
Mwl. Jairus Gichana – Katibu
Bw. Mathew Onyiego – Mwekahazina
Bi. Jecinta Wanjuhi – mwanachama mwanzilishi
Bw. Njuguna – mwanachama, muuzaji wa mikoba ya mitumba, Chepseon
Bi. Vivian Nyabate – mwanachama

Aliyetoa udhuru: Bw. Clifford Nyaberi (harusi, Bomet)

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO

Bi. Vivian aliomba kwa ufupi, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja upande wa msitu. Mwenyekiti alieleza kwamba jambo la siku hiyo lilikuwa moja: safari ya Desemba, siku tatu kwa miguu, kutoka Kimulot kandokando ya msitu wa Mau hadi Chepseon, usiku watu wakilala katika kumbi za makanisa. Kila mwanachama alikuwa ameagizwa kuja na mkoba wake ukiwa umefungwa tayari kwa safari, ili upimwe kwenye mizani ya kituo. Aliwashukuru wenye kituo kwa kuiacha mizani hiyo siku isiyo ya chai.

Mwekahazina alitaka iandikwe kwamba yeye alifika kwa wakati na akawangoja wengine. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/11/2025: YALIYOTOKANA NA SAFARI YA APRILI

Katibu alikumbusha yaliyotokea. Siku ya pili ya safari ile, kwenye mteremko, goti la Bi. Jecinta lilivimba. Bw. Onyiego aliubeba mkoba wa Bi. Jecinta juu ya wake mwenyewe mpaka barabarani. Asubuhi yake Bi. Jecinta alipakiwa kwenye bodaboda na kupelekwa Chepseon, mkoba ukiwa mapajani.

Bw. Onyiego alisema kwamba bega lake halijapona sawasawa. Mwenyekiti alimwambia kuwa bega hilo limo katika kumbukumbu za Mei, za Julai na za Septemba. Bw. Onyiego alijibu kwamba bega ni lake na yeye ndiye anayelala nalo.

Bi. Jecinta, ambaye wengi humwita Mama Vinny, aliomba kueleza kwa nini safari ya Desemba ni muhimu kwake. Alisema Chepseon ndiko alikozaliwa na soko lote linamjua. Tangu Aprili, kila akienda kuchukua bidhaa za duka lake, wanawake wa mboga humwamkua, "Mtembezi wa boda, karibu." Alisema hataki pole ya mtu. Anataka kuingia katika soko hilo kwa miguu yake, mchana, watu wakiona.

Bw. Njuguna, ambaye ana kibanda sokoni humo, alithibitisha kwamba jina hilo lipo na sasa hata watoto wanalijua.

KUMB. NA. 3/11/2025: NAMNA YA KUCHAGUA MKOBA

Mwenyekiti alisema haoni haja ya somo. Alisema alisimamia wachumaji chai miaka mingi, na ameona akina mama wakibeba kikapu cha kilo ishirini mgongoni huku wakiimba.

Katibu alieleza, kwa utaratibu, kwamba kikapu cha chai na mkoba wa safari ni mizigo ya aina mbili. Kikapu hujaa polepole, hupelekwa kituoni, humwagwa, na mgongo hupumzika. Mkoba wa safari haumwagwi. Unaubeba leo, kesho unaamka nao ukiwa vilevile, na keshokutwa umeloa. Kwa hiyo mtu asijipime kwa mzigo anaoweza kuuinua, bali kwa mzigo anaoweza kuamka nao siku ya tatu.

Bi. Vivian aliuliza kama maelezo hayo ni marefu kuliko safari yenyewe. Katibu aliendelea.

Bw. Njuguna alipewa nafasi na kuonyesha mkoba mmoja aliokuja nao. Alisema mkoba hupimwa kwa urefu wa mgongo, si kwa urefu wa mtu. Inamisha kichwa, gusa kifupa kinachojitokeza chini ya shingo, kisha mwenzako apime kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Mkoba uwe wa mgongo huo. Pili, uwe na mkanda mnene wa kiunoni, nao ukazwe juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ukikazwa vizuri, uzito mwingi hukaa kiunoni na kazi ya mabega huwa ni kuushika tu usiyumbe. Tatu, kwa mkoba wa mtumba, vuta mikanda kwa nguvu pale iliposhonwa, fungua na kufunga kila zipu, bana kila kifungo. Mwisho, usinunue mkoba mtupu. Weka ndani paketi za unga, uvae, utembee nao sokoni kiasi cha mtu kunywa chai. Ukikuumiza hapo, mlimani utakuua.

Hapo Bw. Onyiego aliuliza kwa nini basi Bw. Njuguna alimuuzia Bi. Jecinta ule mkoba wa Aprili. Maneno yaliyofuata yanaandikwa kama yalivyosemwa, kwa ombi la Bi. Jecinta:

Onyiego: "Ile haikuwa begi, Njuguna. Ulimuuzia nyumba."

Njuguna: "Yeye ndiye alitaka kubwa. Mimi nifukuze mteja?"

Onyiego: "Nyumba ya vyumba viwili. Na mimi ndio niliihamisha."

Jecinta: "Mathew, ngoja. Kwa nini nilitaka kubwa nitasema ikipimwa."

Mwenyekiti aliwataka wazungumze kupitia kwake.

KUMB. NA. 4/11/2025: KUPIMA MIKOBA

Katibu alieleza kwamba wajuzi wengi husema mzigo wa safari ya siku kadhaa usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, na kwamba chini ya hapo ni bora zaidi. Alipendekeza wanachama wapimwe kwanza wao, ndipo mikoba ifuate. Bi. Jecinta alisema mizani hiyo ni ya chai na yeye si chai. Mwenyekiti aliamua kwamba kikundi kitumie kiwango kimoja kwa wote: kilo tisa, pamoja na maji na chakula.

Mikoba ilining'inizwa mmoja mmoja. Wa Bw. Njuguna ulikuwa kilo saba. Wa Bw. Onyiego ulikuwa kilo nane, naye aliisoma mizani kwa sauti mara mbili. Wa Bi. Vivian na wa Katibu ilifika tisa. Wa Mwenyekiti ulikuwa kumi na moja. Alisema ni sweta, na kwamba ataliangalia.

Wa Bi. Jecinta, ambao ndio ule ule wa Aprili, ulikuwa kilo kumi na nane.

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati.

KUMB. NA. 5/11/2025: HOJA YA MWEKAHAZINA

Bw. Onyiego alisimama na kutoa hoja kwamba Bi. Jecinta asitembee Desemba, bali atangulie Chepseon kwa gari na kuwapokea wenzake kwa chai. Alisema hana ubaya naye, lakini mtu aliyepewa miezi saba kujifunza na bado anakuja na kilo kumi na nane hajajifunza. Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayeunga mkono. Bw. Njuguna aliinua mkono nusu.

Bi. Jecinta aliomba jambo moja kabla ya kura: mkoba wake umwagwe mezani, mbele ya wote.

Mwenyekiti aliruhusu. Bi. Vivian ndiye aliyetoa vitu. Kwanza vilitoka blanketi jembamba, sweta, nguo za kubadilisha, kandambili, sabuni, chupa ya maji, na chakula kikavu kwenye mfuko. Bi. Jecinta aliviweka kando na kusema, "Hivyo ni vyangu. Endelea, mrembo."

Ikatoka sufuria kubwa yenye mfuniko. Bi. Jecinta aliuliza ni ya nani. Mwenyekiti, baada ya kuiangalia, alisema inafanana na yake.

Vikatoka kiti kidogo cha kukunja na redio ya betri kubwa. Bw. Njuguna alisema, "Wacha! Kumbe hii iko?"

Ikatoka suruali ya jinzi na chupa mbili za mafuta ya kujipaka, kubwa, moja haijafunguliwa. Bi. Vivian alisema, "Uwii, ni zangu," akaziweka chini ya meza.

Chini kabisa, ndani ya gazeti, vikatoka viatu vya ngozi vyeusi vya kiume, vya kwenda kanisani, pamoja na kopo la rangi ya viatu na brashi. Bi. Jecinta aliviinua na kuvielekeza kwa Bw. Onyiego.

Jecinta: "Baba, ulisema nini asubuhi ile tukitoka?"

Onyiego: "Sikumbuki."

Jecinta: "Ulisema, 'Mama Vinny, nibebee hii, ni kitu kidogo tu.' Wote mlisema kidogo tu. Mtu akiniambia kidogo tu, nitakataa namna gani? Na ndio nilikuwa nimenunua begi kubwa, kwa sababu ninawajua."

Vivian: "Kwa hivyo bega la Mzee lilikuwa linabeba viatu vya Mzee."

Kulikuwa na kicheko, na Mwenyekiti aligonga meza.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini vitu hivyo havikurudishwa. Bi. Jecinta alijibu kwamba aliuweka mkoba nyuma ya duka kama ulivyotoka safarini, akatoa tu chakula na nguo zake, akangoja wenyewe. Alisema kila mmoja wao hufika dukani kwake kila wiki kununua sukari au chumvi. Hakuna aliyeuliza.

Bw. Njuguna aliuliza kama Katibu naye alikuwa ameweka chochote. Bi. Jecinta alisema, "Mwalimu hakunipa kitu. Mwalimu alinipa maelezo njia nzima."

Vitu vya Bi. Jecinta peke yake vilirudishwa kwenye mfuko na kupimwa. Vilikuwa kilo sita.

Bw. Onyiego aliondoa hoja yake. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema hana. Baadaye kidogo aliomba iandikwe kwamba bega linaendelea vizuri.

KUMB. NA. 6/11/2025: MAAZIMIO

Katibu alieleza kwamba mambo mawili yalikuwa yamejionyesha mezani bila kuhitaji hesabu. La kwanza, kitu ambacho mwenyewe hajakiulizia kwa miezi saba hakikuhitajika hata siku moja ya safari. Uzito wake ulikuwa wa bure tangu Kimulot. La pili, mizigo ya kikundi humwendea yule asiyejua kukataa, na goti lake ndilo hulipa. Alimweleza Bi. Jecinta, kwa heshima, kwamba kujua kukataa nako ni sehemu ya kufunga mkoba. Bi. Jecinta alisema amesikia.

Kwa hiyo iliazimiwa kwamba:

Bi. Jecinta atatembea Desemba. Wote waliafiki, Bw. Onyiego akiwa wa kwanza kuinua mkono.

Hakuna atakayeweka kitu chake binafsi katika mkoba wa mwingine, kiwe kidogo namna gani. Vitu vya wote, yaani dawa za huduma ya kwanza na sufuria moja ndogo, vitagawanywa na Katibu. Sufuria ya Mwenyekiti haitasafiri.

Kila mtu atapanga vitu ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, kisha mfuko uingie mkobani, kwa kuwa mvua ya huku haijali kifuniko cha mkoba. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati, blanketi chini, koti la mvua juu kabisa, mahali ambapo mkono unalifikia bila kufungua vingine. Jinzi hazitaruhusiwa: zikiloa haziwezi kukauka hadi Chepseon. Bi. Vivian alitaka iandikwe kwamba ameonewa.

Bw. Njuguna alijitolea kuubadilisha mkoba mkubwa kwa ule aliokuja nao, bila nyongeza, kwa sababu kilo sita ndani ya nyumba ya vyumba viwili huyumba. Katibu alimpima Bi. Jecinta mgongo kwa utepe, na mkoba ukakubali. Vitu vyake viliingizwa, mkanda wa kiunoni ukakazwa.

Bi. Jecinta alitoka nao katika mvua. Wanachama walimwona kupitia mlango akishuka hadi mwisho wa shamba la chai la jirani na kupanda tena. Alirudi bila kuhema. Mwenyekiti aliuliza anausikiaje. Alisimama kidogo, akajishika kiunoni, akasema, "Nasikia kama nimesahau kitu nyumbani."

Katibu aliwaeleza wanachama kwamba mkoba uliofungwa vizuri husikika hivyo hasa, na kwamba mtu asiupate wasiwasi huo akarudi kuongeza.

KUMB. NA. 7/11/2025: MENGINEYO NA KUFUNGA

Bw. Njuguna aliulizwa atawaambia nini wanawake wa mboga. Alisema hatawaambia kitu. Wataona wenyewe Desemba.

Kwa kuwa hakukuwa na jambo jingine, na kwa kuwa wenye vitu walikuwa wanavitafutia mifuko ya kuvibebea, Mwenyekiti aliwaachilia watu saa kumi na robo. Bw. Onyiego aliondoka na viatu vyake kwapani.

Zacheus Nyagaka, Mwenyekiti: ........................ Tarehe: ................

Jairus Gichana, Katibu: ........................ Tarehe: ................

Kwa kila mwanachama, aliyefika na asiyefika: leo jioni mwaga mkoba wako wote sakafuni, na urudishe ndani vile tu ulivyovitumia safari iliyopita.